Maji Meusi ya Kirumi na Simu Zilizo Mikononi Mwetu

Mazungumzo ya leo nayaanzia kwenye Mto Mara.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi. Pale Kirumi, kwenye daraja la barabara ya Musoma kwenda Tarime, samaki walielea wakiwa wamekufa na harufu ilikuwa nzito. Picha zikasambaa nchi nzima kwa simu. Serikali ikawazuia wananchi kutumia maji yale na kula samaki wa pale, na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamati ikafanya kazi kwa siku chache, ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa mifugo mingi iliyomo bondeni, pamoja na mimea iliyooza kwenye kinamasi, vilimaliza oksijeni ndani ya maji, samaki wakakosa pumzi.

Nadhani unakumbuka jibu hilo lilivyopokewa. Mitandaoni lilibezwa kutwa nzima. Mtu wa mkoani Mara aliuliza swali moja la kawaida kabisa: ng'ombe wako hapa tangu enzi za mababu zetu, mbona mto haukuwahi kuwa mweusi namna hii? Wengine walikumbuka mwaka 2009, maji machafu ya mgodi wa dhahabu ulio jirani yalipovuja hadi Mto Tigithe, unaomwaga maji yake kwenye Mto Mara. Mtu mwenye kumbukumbu kama hiyo humpunguzii mashaka kwa kumsomea taarifa mara moja mbele ya kamera, kisha ukafunga faili.

Na hapa ndipo jambo linaponiuma. Mwaka 2018, miaka minne kabla ya mkasa wa Kirumi, jarida la kisayansi la Nature Communications lilichapisha utafiti ulioongozwa na Christopher Dutton wa Chuo Kikuu cha Yale. Utafiti huo ulifanyika kwenye mto huu huu wetu, upande wa Kenya, kule Maasai Mara. Viboko kwa maelfu hula majani nchi kavu usiku na kurudi mtoni mchana, na kinyesi chao hutuama chini ya madimbwi wakati wa ukame. Mvua ikinyesha milimani na mto ukijaa ghafla, uchafu ule husombwa wote kwa mkupuo. Oksijeni inashuka, samaki wanakufa sehemu za chini za mto. Watafiti walilishuhudia hilo kwa macho na kwa vipimo, si mara moja.

Sisemi kwamba viboko wa 2018 wanathibitisha maneno ya kamati ya 2022. Ninachosema ni kwamba maelezo ya kinyesi na oksijeni, ambayo nchi nzima iliyaona kichekesho, yalikuwa na historia yake ndani ya mto wenyewe. Mwananchi wa Buswahili, jirani na mto huo, angeweza kuelezwa hayo. Angeweza kuonyeshwa kipimo cha oksijeni, ambacho husomwa papo hapo kwenye maji, kila asubuhi kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji chake: leo namba ni hii, jana ilikuwa ile. Angeweza kuuliza habari za mgodi na kujibiwa kwa matokeo ya sampuli, moja baada ya nyingine, tena na tena hata swali likirudi mara kumi. Huenda bado asingekubali. Lakini angekuwa ametendewa kama mtu anayekunywa maji hayo.

Ofisi zetu za afya na mazingira zimeingia mitandaoni, hilo nalikubali na kulishukuru. Wizara ya Afya ina kurasa zake, mikoa ina kurasa, halmashauri nazo zimefungua akaunti. Fungua hizo kurasa uangalie wingi wa kinachowekwa: mgeni rasmi akikata utepe, kikao cha tathmini, picha ya pamoja, kaulimbiu ya wiki. Halafu shuka chini kwenye maoni. Utamkuta mama anauliza chanjo ya mtoto wake wa miezi tisa inapatikana zahanati gani wiki hii, kijana anauliza kama dawa za kichocho zimefika, mwingine anauliza kwa nini ameambiwa anunue glavu za kujifungulia. Mara nyingi chini yao hakuna jibu hata moja. Ofisi imesema, imeondoka.

Usione ni jambo dogo; pasipo jibu, uvumi hushika nafasi. Tarehe 7 Aprili 2024, kwenye pwani ya mkoa wa Nampula, Msumbiji, mashua ya kuvulia ilijaa watu waliokuwa wakitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Ilizama, na zaidi ya watu 90 walikufa, wengi wao watoto. Viongozi wa mkoa walieleza kuwa watu wale walikuwa wanakimbia kipindupindu baada ya uvumi kuwatia hofu. Uvumi kuhusu kipindupindu haukuwa mgeni katika mkoa ule. Miaka mingi watu wa huko wamekuwa wakiambizana kwamba wanaogawa klorini ndio wanaotia ugonjwa kwenye maji, na wahudumu wa afya wamewahi kushambuliwa kwa sababu hiyo. Sisi watu wa ziwa tunaijua mashua iliyojaa kupita kiasi. Kipindupindu nacho tunakijua, kwani kimebisha hodi kwenye mialo yetu zaidi ya mara moja. Kilichobaki kati yetu na mkasa kama ule ni imani kati ya mvuvi na bwana afya, na imani hiyo hujengwa miezi mingi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Wapo walioijenga katika mazingira magumu kuliko yetu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo. Kule Beni na Butembo kulikuwa na vita, kulikuwa na uchaguzi ulioahirishwa kwa kisingizio cha ugonjwa, na simu zilijaa habari kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa. Timu za mazishi zilipigwa mawe. Msalaba Mwekundu wakafanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana la unyonge: wakawapa wahudumu wao wa kujitolea kazi ya kuandika. Walipita nyumba kwa nyumba na kuandika kila walichoambiwa, maswali, tuhuma, matusi, maombi, bila kumrekebisha msemaji papo hapo. Maelezo hayo yalipangwa kwa mafungu na kupelekwa kwenye vikao vya wanaopambana na ugonjwa. Malalamiko mojawapo yaliyojirudia yalikuwa juu ya mifuko ya kuzikia. Watu walisema: mnatufungia maiti kwenye mfuko usioonyesha kitu, tutajuaje kama ni ndugu yetu, tutajuaje kama hamjamtoa viungo? Basi ikaletwa mifuko yenye sehemu inayoonyesha ndani, familia ikaweza kumwona marehemu wake kabla ya kuzika.

Tafakari, msikilizaji. Tuhuma ya wizi wa viungo ni uzushi, na ofisi nyingi zingetoa tamko la kukanusha, pengine na onyo la kisheria juu yake. Wale waliosikiliza waligundua kwamba ndani ya uzushi kulikuwa na ombi la haki kabisa: tunataka kumwona mtu wetu. Wakalijibu ombi. Tamko la kukanusha lisingefanya kazi hiyo.

Kwetu Tanzania kuna kikwazo kingine, nacho lazima kisemwe. Mtu hawezi kukuuliza kama anaogopa kuuliza. Mwaka 2020, wakati wa corona, takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa zikiwa zimefika 509, na vifo 21. Julai mwaka huo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zikaorodhesha miongoni mwa mambo yaliyokatazwa taarifa za mlipuko wa ugonjwa hatari zisizo na kibali cha mamlaka husika. Mwananchi aliyeona misiba mitatu mtaani kwake kwa wiki moja alijifunza kufunga mdomo. Alipotakiwa kuufungua tena, kwenye kampeni ya chanjo iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2021 kwa yeye mwenyewe kuchanjwa hadharani, maswali yalikuwa yamelundikana zaidi ya mwaka mzima, na yalikuwa yamekwisha kujibiwa na watu wengine: klipu za wahubiri, sauti za WhatsApp zisizo na jina, daktari wa kujitangaza kutoka nchi ya mbali. Wahudumu wa afya walilazimika kulisafisha shamba ambalo magugu yalikuwa yamewafika kifuani.

Tumewahi pia kufanya vizuri, na ni hapa hapa Kanda ya Ziwa. Machi 2023 ugonjwa usiofahamika ulipoua watu wilaya ya Bukoba, serikali ilitangaza mapema kwamba kuna watu wamekufa na kwamba uchunguzi unaendelea. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akasema wazi: ni Marburg. Mlipuko ulikuwa na wagonjwa 9, mmoja wao akiwa wa kudhaniwa, wakafa 6, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Tamko lile la kwanza, lililosema hatujajua lakini tunachunguza, mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa kazi nzuri zaidi za mawasiliano ya afya nchini kwa miaka ya karibuni. Liliwaachia wazushi nafasi ndogo.

Mwaka 2025 mambo yalikwenda vingine. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera. Muda mfupi baadaye Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Januari 20 Rais, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba Marburg ipo, wilaya ya Biharamulo. Mlipuko ulidhibitiwa na ulitangazwa kwisha Machi 13. Huenda kila tamko lilikuwa kweli kwa vipimo vilivyokuwepo siku lilipotolewa. Lakini mtu wa kawaida aliyepokea "hakuna" na "upo" ndani ya wiki moja alibaki na swali: lile la kwanza lilikuwaje? Swali hilo lilihitaji jibu la subira, kwa lugha nyepesi, juu ya namna sampuli zinavyochukuliwa na kwa nini kipimo cha jana kinaweza kutofautiana na cha leo. Na hata njia zenyewe za kujibia zimekuwa zikipungua. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025. Siku ya uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka huo intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mawasiliano yakikatwa, taarifa za afya hukatika pamoja na mengine yote, maana zinapita kwenye waya uleule.

Turudi nyumbani, kwa sababu mambo mengi ya kufanya hayamsubiri waziri.

Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku, kwa taa, siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala nyumbani. Ofisi inayotuma ujumbe wa kutibu maji saa tatu asubuhi katikati ya giza inamtumia mtu aliyelala baada ya kukesha ziwani. Ofisi hiyo hiyo ikisubiri mbalamwezi na kutuma jioni, itamkuta kijiweni na wenzake, simu mkononi, muda anao. Viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo wowote, Guta, Kisorya au Busekera, wanaijua ratiba hiyo kwa kichwa. Kalenda ya kampeni za afya ya ziwani ianze kwa kuwauliza wao.

Pia tukumbuke kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Wengi wetu, hasa kina mama na wazee, hawana simu janja, na mwenye nayo si kila siku ana bando. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianzisha Wazazi Nipendeni: mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, akawa anapokea ujumbe wa Kiswahili unaokwenda na umri wa mimba yake. Hakuhitaji intaneti. Ujumbe ulimjia yeye, kwa wiki yake, sio tangazo la kila mtu. Leo ipo namba 115 ya m-mama, ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, mpango uliojaribiwa mapema kwa jirani zetu wa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenezwa nchi nzima, na ipo 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Iandike 199 ukutani. Hapo unaweza kuuliza na mtu akakujibu kwa sauti.

Na kuna kazi moja ya hapa hapa Mara ambayo ningependa kila Mganga Mkuu wa Wilaya akaitazame. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Kiabakari kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Wao hawakutegemea ukurasa wenye wafuasi wengi. Walichagua watu wanaoaminika ndani ya vijiji, wakawapa simu na mafunzo, wakawa wanatuma taarifa msichana akiwa hatarini. Watu wa kujitolea wa Crowd2Map wakachora ramani za vijiji ambavyo havikuonekana vizuri kwenye ramani, ili gari la polisi na waokoaji lijue njia usiku wa Desemba, msimu wa kukeketa. Taarifa inatoka kijijini, na mtu anakuja. Msichana anayeona kwamba mwenzake aliomba msaada na gari likafika, naye atasema. Ukilinganisha na ukurasa wa picha za vikao, utaona ni upande gani wenye uhai.

Serikali nayo inao watu wa namna hiyo, au inaelekea kuwa nao. Januari 31, 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga watu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Hawa wanaishi kitongojini. Wako tayari kwenye makundi yetu ya WhatsApp, ya vikoba, ya misiba, ya kwaya, ya bodaboda. Wanausikia uvumi siku unapozaliwa. Ningetaka kila mhudumu awe na daftari la maswali, aliandike kila swali kama lilivyoulizwa, hata likiwa la kukera, na jioni alitume kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina na cheo katika ofisi ya Mganga Mkuu. Huyo arekodi jibu la dakika mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, na inapofaa kwa Kijita, Kikurya, Kizanaki au Kijaluo, siku hiyo hiyo. Kama jibu halijapatikana aseme halijapatikana na ataje siku litakapokuja. Sauti ile itapita kwenye makundi, itawekwa kwenye memori kadi pale kwa fundi simu, na redio za Musoma na Bunda zitaicheza hewani kwa asiye na simu kabisa.

Gharama yake? Mshahara wa mtu mmoja ambaye tayari analipwa, na bando la kila mwezi kwa mhudumu. Hilo bando ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya yote, kwa sababu wahudumu wengi wanalinunua kutoka mfukoni mwao, wanaishiwa katikati ya mwezi, na swali la mama wa Suguti linakaa kwenye simu iliyozimwa data. Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama hupitisha bajeti kila mwaka, na ndani yake mna mafungu ya matangazo, ya mabango na ya fulana za kampeni. Fungu la bando la wahudumu wa afya linaweza kukaa humo humo. Ukikutana na diwani wako wiki hii, muulize lipo ukurasa wa ngapi, na kama halipo, muulize litaingia mwaka gani.